Vichupa Viwili vya Mate

Mwanza, 12 Februari 2024

Wifi yangu Jenipha,

Hamjambo huko Kewanja? Sisi hapa wazima. Chupa ya barafu nimempa kondakta wa basi la asubuhi kama kila mwezi. Barafu iko chini, gazeti katikati, insulini ya mwanao Wangwe juu. Ukikuta imeganda usimchome nayo, hata kama inaonekana safi. Nipigie kupitia simu ya jirani nitume nyingine.

Safari hii kuna jambo zaidi ya dawa. Nilipokwenda kliniki kumchukulia, daktari wake aliniita pembeni. Anasema mtoto anayepata kisukari kabla ya kufikisha miezi sita, kama Wangwe alivyopata, mara nyingi hana kisukari kama cha watoto wengine. Anakuwa na hitilafu kwenye jeni moja tu. Ziko aina kadhaa, na aina moja haihitaji sindano. Mtoto anapewa vidonge, na sindano zinaachwa kabisa. Damu aliyomtoa Wangwe mlipokuja Januari ameshaipeleka nje ikapimwe.

Unajua kazi yangu. Maabara tunakuza seli za wanyama kwenye visahani na kuangalia zinavyotengeneza protini, na zinavyofanya zikipewa kazi kuliko uwezo wao. Ni miaka sasa naifanya, na sikuwahi kufikiri itaingia nyumbani kwa mdogo wangu.

Usimwambie mtu bado. Ni uwezekano tu.

Wifi yako,
Elieth Wangwe


Kewanja, 20 Februari 2024

Wifi Elieth,

Shikamoo. Dawa imefika ikiwa baridi, nimeiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi kule kwenye kona isiyopata jua. Samahani kwa kukuandikia badala ya kupiga. Simu yangu kioo kimekufa, na isitoshe mambo ya dozi nayapenda kwenye karatasi, nikisahau nasoma tena. Mume wangu Heche yuko Natta, kule kambi ya watalii mtandao mpaka wapande kilima.

Umeniambia nisimwambie mtu. Mimi sikumwambia mtu, ila barua niliisoma kwa sauti nikifikiri niko peke yangu, na Mama alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mtama. Sasa Kewanja yote inajua. Unamjua mama yako anavyompenda mtoto huyu kwa kuwa amebeba jina la marehemu baba yenu. Amewaambia majirani, "Mume wangu anaacha sindano." Wangwe naye akisikia anainua fulana aonyeshe tumbo.

Daktari akisema ni vidonge, nitakuja mwenyewe kuvichukua. Nitakuja hata kwa miguu.

Wifi yako,
Jenipha Masalu


Mwanza, 6 Mei 2024

Wifi Jenipha,

Majibu ya Wangwe yametoka. Siyo ile aina ya vidonge. Nakuambia mwanzoni ili usisome barua yote ukiwa unatafuta.

Nitajaribu kueleza ilivyo. Kwenye kongosho kuna seli ambazo kazi yao ni kutengeneza insulini. Insulini ni protini. Inatoka ikiwa mnyororo mrefu, ndani ya seli kuna chumba ambamo mnyororo huo unakunjwa na kufungwa vifungo vitatu. Ukishakunjwa sawasawa ndipo unakwenda kwenye damu kufanya kazi. Kwa Wangwe, herufi moja ya jeni ya insulini imebadilika, na kifungo kimoja hakina pa kushika. Mnyororo unabaki umelegea na haukunjiki.

Seli haikai tu na kutazama. Kwanza inapunguza kazi zote ipate nafuu. Kisha inaita wasaidizi, yaani protini nyingine za kusaidia kukunja. Iliyoharibika kabisa inaikatakata na kuitupa. Lakini mwili unadai insulini kila mtoto anapokula, na mbovu zinazidi kujaa chumbani. Mwisho, seli iliyoelemewa hivyo inajiua yenyewe. Nimeliona jambo hili kwenye visahani vyangu mara nyingi. Jioni unaziacha ziko vizuri, asubuhi zimejikunyata na kuachia sahani.

Seli nyingi za Wangwe zilikwisha namna hiyo akiwa mchanga, na vidonge haviwezi kuzirudisha. Sindano zitaendelea.

Mimi ndiye niliyetaja vidonge, na najua umeisubiri habari hii miezi yote. Ningekaa kimya mpaka majibu yatoke.

Elieth


Kewanja, 19 Mei 2024

Wifi Elieth,

Shikamoo. Nimeelewa. 

Nina maswali. Umesema jeni iliyobadilika ni moja, na shuleni tulifundishwa kila mtu anazo mbili, ya baba na ya mama. Sasa ile nyingine ya Wangwe si nzima? Kwa nini insulini ya upande ule mzima isitoshe hata nusu?

La pili. Hitilafu hii inatoka wapi? Mama anasema katika ukoo wa Wangwe hakuna mtu aliyewahi kuchomwa sindano za sukari, kwa hiyo imekuja na mimi kutoka Geita. Anasema baba yangu alizunguka machimbo mengi na kushika kila dawa ya kuoshea dhahabu, na kwamba Heche bado kijana, anaweza kupata mke wa hapa hapa. Hasemi kwa ugomvi. Anasema huku tunamenya viazi.

La tatu, kama mtu akizaa mtoto mwingine, anaweza kuwa hivyo hivyo? Nauliza tu.

Jenipha


Mwanza, 3 Juni 2024

Wifi yangu,

Swali lako la kwanza ndilo tunalolifanyia kazi hapa. Ile jeni nyingine ni nzima na inatoa insulini nzuri. Tatizo ni kwamba zote zinaingia chumba kimoja. Mbovu zinakaa mlangoni, zinazikamata hata nzuri, na seli ikielemewa inakufa pamoja na uwezo wake wote, mzuri na mbaya.

Hayo mengine mawili hayajibiki mpaka mpimwe ninyi wazazi. Mabadiliko haya yanaweza kuwa yalitoka kwako, au kwa Heche, au kwenu nyote hayapo, yakaanzia kwa mtoto. Humu ndani nimeweka vichupa viwili. Kila mmoja atemee mate mpaka kwenye mstari, afunge, aandike jina. Msile kitu kabla. Najua Heche anakuja likizo mwezi huu.

Kuhusu maneno ya Mama nitazungumza naye nikija.

Elieth


Kewanja, 24 Juni 2024

Wifi,

Shikamoo. Vichupa hivyo nakurudishia. Heche alikuja, ametema, amerudi kazini. Kila kimoja kina jina lake.

Wangwe ameongezeka kilo. Sukari yake ya asubuhi si mbaya.

Jenipha


Mwanza, 30 Julai 2024

Jenipha,

Barua hii isome ukiwa peke yako, na safari hii kimya kimya.

Walionipimia wameniandikia kwamba vichupa vyote viwili vina mate ya mtu mmoja, mwanamke. Hana mabadiliko yale.

Sijakasirika. Nataka kujua tu kilichotokea.

Elieth


Kewanja, 5 Agosti 2024

Wifi Elieth,

Shikamoo. Nilitemea mimi vyote viwili. Sikujua kwamba mate yanaweza kusema ni ya nani.

Heche alipokuja nilimwekea kichupa mezani, asubuhi kabla ya chai. Alikitazama akasema, "Hicho mimi sitemei." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mtoto yupo, anatibiwa, inatosha." Nikamwambia dada yako anataka. Akasema, "Dada asome seli zake." Akatoka kwenda kuona ng'ombe kwa mjomba wake na hakurudi mpaka jioni. Siku zote nne zilizobaki hatukulizungumza tena.

Mimi naona ameshanihukumu. Anaamini maneno ya Mama, na anaogopa karatasi isije ikasema tofauti. Au anafikiri mtoto si wake na hataki kuambiwa. Sijui. Mtu akikataa jambo dogo kama kutema mate, ana lake.

Nilifanya vile kwa sababu nilihitaji jibu kabla ya mwaka kwisha. Nina mimba, wifi. Mwezi wa nne huu. Mama hajagundua kwa sababu navaa kitenge juu ya gauni. Heche sijamwambia. Baada ya Wangwe kulazwa mara ya mwisho alisema tusubiri, tusizae tena mpaka tujue, na sasa ndiye anayekataa tujue. Nilikuwa natumia vidonge vya kupanga uzazi, nikakosa mwezi mmoja tulipokuwa wodini na Wangwe.

Sasa nimejua mimi sina. Nilidhani nitafurahi. Lakini kama siyo mimi ni yeye, na mtoto huyu aliyemo tumboni ni wa kwake vile vile.

Usimwambie Heche habari ya mimba. Nakuomba.

Jenipha


Mwanza, 10 Agosti 2024

Mdogo wangu Heche,

U hali gani Natta? Nasikia nyumbu wameshavuka huko na kambi imejaa wageni.

Nakuandikia juu ya kile kichupa. Najua hukutema. Usimuulize Jenipha nimejuaje, maabara inajua. Sitaki kukulazimisha, ila wewe hukuwahi kunificha jambo. Nieleze sababu. Nikiielewa sitakuomba tena.

Dada yako,
Elieth


Natta, 21 Agosti 2024

Dada Elieth,

Shikamoo. Hapa tunapika tangu alfajiri, wageni ni wengi kweli. Dereva anakwenda Mugumu leo, nimeandika haraka aipeleke.

Sababu ni hii. Unamkumbuka mke wa Gidion, jirani yetu wa kule juu? Mtoto wao alikuwa anaanguka kifafa. Wakaenda hospitali, huko mtu akawaambia kuna kifafa cha ukoo, ndugu wa mwanamke nao walikuwa wanaanguka. Mwaka haukuisha, yule mama alirudishwa kwao na ng'ombe wa mahari wakadaiwa. Gidion hakutaka, lakini wazee walishakaa. Siku hizi akilewa analia njiani.

Mimi namjua Mama. Karatasi ikisema ni Jenipha, Mama atawatafuta wazee kabla sijafika nyumbani. Ikisema ni mimi, ataichana. Kwa hiyo karatasi yenyewe haina faida kwangu upande wowote. Bora tusijue. Nisipojua, nikiulizwa nasema kweli kwamba sijui, na mke wangu anakaa.

Kuna la pili, ila hili ni letu. Baba alikufa nikiwa darasa la kwanza na hakuna aliyeniambia alikufa kwa nini. Wewe ulikuwa mkubwa. Alikuwa anakunywa maji sana? Nalala nawaza hilo. Kama ni mimi niliyempa mtoto ugonjwa huu, nitamtazamaje mama yake kila anapomchoma?

Jenipha usimwambie haya. Ataona namfanya mtoto mdogo. Yeye ni jasiri kuliko mimi. Mimi kumchoma Wangwe sijaweza hata mara moja, naishika sindano nairudisha mezani mpaka yeye mwenyewe ananicheka.

Mdogo wako,
Heche


Mwanza, 2 Septemba 2024

Jenipha,

Dawa ni ya kawaida, dozi haijabadilika.

Nimekaa na barua hii ya mume wako siku nyingi. Hakuniandikia nikupe, na mwishoni amenikataza. Wewe pia umenikataza lako. Nimejaribu kuwatunzia wote wawili na nimeona nawaharibia. La kwako sikumwambia, hilo ni la mdomo wako. La kwake nalituma, nikijua nimevunja ahadi, na yeye akitaka kuninunia nitastahili.

Isome.

Kuhusu Baba, nitamwandikia Heche mwenyewe. Alikufa kwa kuangukiwa na mti akikata kuni upande wa Genkuru. Mama hakutaka Heche ajue kwa kuwa siku ile ndiye aliyekuwa amelilia kwenda naye, akaachwa, na aliogopa mtoto angekua akijilaumu. Hakuwa na kiu yoyote.

Elieth


Kewanja, 29 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Niko nyumbani, nimeomba ruhusa wiki moja.

Barua niliyokuandikia wewe nimepewa na mke wangu mkononi. Alinipikia kwanza, akangoja nile, akaiweka mezani akasema, "Hii ni yako?" Nikasema ni yangu. Akasema, "Miezi yote hii nilifikiri unanikataa." Nilitaka kukukasirikia nikashindwa kupata pa kuanzia.

Kisha akaniambia la mimba. Nilikuwa nimeshaona, dada. Mimi mpishi, siyo kipofu. Nilikuwa nangoja aseme.

Juu ya Baba asante. Mama nilimuuliza, akasema, "Mura, mwanangu, ningekuambiaje?" Tumekwenda wote kaburini.

Kichupa hiki hapa. Nimetema mbele ya Jenipha ili maabara yako isiwe na maneno. Mama alikuwepo akauliza tunafanya nini. Jenipha akamwambia tunatafuta ugonjwa ulikotoka. Mama akasema, "Na mkiupata?" Nikamjibu mimi. Nilimwambia ukipatikana kwa Jenipha au kwangu, huyu ni mke wangu, na wazee wakiitwa nitakaa upande wake. Aliingia ndani, na kesho yake alisema na mimi kama kawaida.

Heche


Mwanza, 18 Novemba 2024

Heche na Jenipha,

Nawaandikia nyote barua moja.

Heche hana. Jenipha hana. Mabadiliko yalianzia kwa Wangwe mwenyewe, wakati mwili wake unaanza kabisa, herufi moja ilipokosewa katika kunakiliwa. Hutokea kwa watu wote, mara nyingi pasipo na madhara. Kwake ilitokea mahali pabaya. Siyo machimbo ya Geita, siyo ukoo wetu, wala siyo kitu mlichokula au kufanya.

Mtoto anayekuja ana hatari ndogo sana. Sisemi haipo kabisa, maana mara chache mzazi hubeba mabadiliko sehemu tu ya mwili na mate yasionyeshe. Akizaliwa mpimeni sukari, mwendelee kumpima mpaka avuke miezi sita.

Niliyasoma majibu haya maabara, nimesimama na koti la kazi. Nilidhani nitapiga kelele. Niliosha visahani vyangu nikaenda nyumbani mapema.

Elieth


Kewanja, 13 Julai 2025

Wifi Elieth,

Shikamoo, na za siku nyingi. Najua habari zote unazipata kwa Heche, lakini hii nilitaka niandike mwenyewe.

Majibu yako ya Novemba Heche alimsomea Mama kwa Kikurya, pole pole. Mama akauliza, "Sasa umetoka kwa nani?" Heche akasema haukutoka kwa mtu. Mama akasema, "Kila kitu kina kinakotoka." Akaomba asomewe tena. Hajaniomba radhi na simngojei aniombe. Ila nilipojifungua yeye ndiye aliyekesha na mimi, na aliposikia mama mmoja kisimani anataja Geita alimwambia afunge mdomo, dada yake Heche amepima kwa mashine.

Eunice jana alifikisha miezi sita. Nimempima tangu siku aliyozaliwa, kila wiki, nikimtoboa kisigino hiki na kile, na kila mara mkono wangu ulikuwa mzito kuliko kwa Wangwe. Kwa Wangwe nilishajua. Jana sukari yake ilikuwa tano nukta moja, ya kawaida kabisa. Heche alikuwepo. Tuliitazama ile namba mpaka kioo cha kipimo kikazima. Sikulia, niliona aibu kulia mbele ya Wangwe, kama vile nafurahia jambo ambalo yeye hakupewa. Sijui kama unanielewa. Nimefurahi, na furaha hiyo ina mfupa ndani.

Wangwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anatutazama. Anaongea sana siku hizi. Akauliza, "Eunice zamu yake ya sindano lini?"

Nikamwambia, "Eunice hana zamu."

"Kesho?"

"Hata kesho. Mwili wake unatengeneza dawa yake wenyewe. Wako haukuweza."

"Mwili wangu ulichoka?"

Nikamwambia ndiyo, ulifanya kazi sana ukachoka. Akafikiri. Nilijiandaa kwa swali linalofuata, kwa nini wake na siyo wa Eunice. Lakini yeye alinyanyuka, akamwendea baba yake, akainua fulana akashika tumbo.

"Basi nichome mimi," akamwambia. "Ugali unapoa."

Heche akachukua sindano, akamchoma.

Wifi yako,
Jenipha